Pikapu ya dizeli inakata nguvu mlimani, ukizima na kuwasha inarudi: je, turbo imekufa?

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina pikapu ya dizeli, lita 3, komoni reli, ya mwaka 2012, imetembea kilomita 240,000 hivi. Naishi Iringa na kila mwezi nashuka Dar mara mbili. Tatizo lilianza Kitonga nikiwa narudi na mzigo wa kawaida tu. Katikati ya mlima gari ikakata nguvu ghafla kama mtu kaishika kwa nyuma, taa ya injini ikawaka, ikawa haivuki mizunguko 2,500 hata nikikanyaga mafuta mpaka chini. Nikapaki, nikazima, nikawasha, ikawa nzima, nikafika nyumbani. Ikakaa wiki tatu bila shida, ikarudia. Sasa inaweza kufanya mara mbili kwa siku, au isifanye kabisa mwezi mzima. Fundi wa hapa kasema turbo imekufa, ninunue nyingine, ya mtumba, milioni mbili na laki mbili bila ufundi. Ninunue?

Jibu: Usinunue. Walau si kabla mtu hajakuonyesha kwa macho yako kitu kilichovunjika.

Turbo ni pampu ya kuisukumia injini hewa: shafti moja yenye feni mbili, moja upande wa moshi na moja upande wa hewa, inayoelea kwenye oili na kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kitu cha mwendo huo kikifa hakifi nusu. Feni inakwangua nyumba yake, unasikia mluzi ambao jana haukuwepo, oili inaingia upande wa hewa au upande wa moshi, gari linafuka moshi wa bluu, na hakuna kinachobadilika ukizungusha ufunguo. Gari lako likizimwa na kuwashwa linamaliza Kitonga lote. Mimi sijaona shafti iliyokatika ikajiunga kwa kuzimiwa swichi.

Aliyekata nguvu ni kompyuta ya injini. Ndani yake kuna hesabu: kwa mizunguko hii na mguu uliokanyagwa kiasi hiki, presha ya hewa kwenye menifoldi, yaani bomba la kuingizia hewa kwenye injini, inatakiwa iwe kadhaa. Sensa ya presha inailetea hali halisi. Viwili hivyo vikiachana mno kwa sekunde chache, kompyuta haisubiri kujua sababu. Inapunguza mafuta, inaizuia turbo isijaze, inawasha taa, inaandika kodi, yaani namba ya hitilafu. Ndiyo hali ya kujihami, na ile 2,500 yako ni uzio iliokuwekea. Ukizima swichi inaanza kuhesabu upya, uzio unaondoka, ila kodi inabaki kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo kazi yetu ni kujua kompyuta iliona nini katika zile sekunde chache.

Hapo ndipo barua yako imenikwaza kidogo. Umeniandikia kilomita, mwaka, mpaka mzigo, lakini kodi hukuitaja. Nahofia fundi aliisoma, akaifuta ili taa izimike, kisha akakutajia turbo. Kama bado ipo, iandikwe kwenye karatasi kabla mtu hajagusa chochote. P0299 maana yake presha ilikuwa chini ya iliyotakiwa. P0234 maana yake ilizidi. Ya kwanza inakutuma kutafuta kinachovuja au kisichovuta, ya pili inakutuma kutafuta kilichokwama, na ukichanganya njia hizi mbili utabadilisha nusu ya gari bila kupona. Kisha kuna P0087, dizeli kwenye reli (bomba linalogawa mafuta kwa nozeli) ina presha ndogo, ambayo haihusiani na turbo hata kidogo ingawa mguuni unahisi vilevile. Pamoja na kodi, kompyuta huhifadhi picha ya wakati ule: mizunguko, mwendo, joto la maji, uzito wa kazi. Mwambie mwenye mashine ya kusomea kodi akufungulie ukurasa huo. Wengi hawaufungui kwa sababu mteja hajauliza.

Kwa nini Kitonga, na kwa nini ukiwa unarudi? Kwanza ni mzigo wa muda mrefu: gari liko gia ya tatu nyuma ya semi, mwendo mdogo, upepo wa kupoza ni haba, kila mpira chini ya boneti umelainika kwa joto. Pili ni hewa. Dar presha ya hewa ya kawaida ni kama kilopaskali 101. Ukifika Iringa mjini, mita zaidi ya 1,500 juu ya bahari, imebaki kama 84. Kompyuta inataka presha ileile kwenye menifoldi, kwa hiyo turbo inalazimika kufanya kazi zaidi kwa kila mita unayopanda. Mvujo mdogo ambao Kibaha turbo ilikuwa inaufidia kimyakimya, huku juu haufidiki tena. Ndiyo maana unaweza kukaa Dar wiki nzima ukaapa kwamba gari limepona.

Sasa tuangalie turbo yenyewe inavyotawaliwa. Za kisasa zina mapezi madogo kuzunguka feni ya upande wa moshi. Yakijifunga, moshi unapita kwenye mianya myembamba kwa kasi, feni inazunguka upesi hata injini ikiwa chini. Yakifunguka, moshi unapita kwa uhuru na presha inashuka. Kinachosogeza mapezi ni akchueta, na akchueta ziko za aina mbili kubwa. Prado na Hilux za injini ya 1KD zinatumia mota ya umeme. Pikapu nyingi nyingine za umri wa lako, kama zile za injini ya 4JJ1 au YD25, zinatumia vakyumu, yaani mvuto wa pampu inayonyonya hewa: utaona kopo dogo la bati lenye fimbo, na mpira mwembamba unaoingia kichwani mwake. Fungua boneti uangalie. Ukiona soketi ya nyaya imechomekwa kwenye akchueta yenyewe na hakuna mpira, una ya umeme, na hapo kagua soketi, waya unaopita karibu na joto, na ulaini wa mkono wa mapezi. Kwa maelezo yako nabashiri ni ya vakyumu, na nitaendelea hivyo.

Njia ya vakyumu ni hii. Pampu yake iko nyuma ya alteneta au mwisho wa kamshafti. Kutoka hapo mpira unakwenda kwenye solenoidi, ambayo ni valvu ya umeme, kisha mwingine unatoka solenoidi kwenda kwenye kopo. Kompyuta inaipigapiga solenoidi kwa umeme mara nyingi kwa sekunde kuamua vakyumu kiasi gani kipite. Vakyumu ikiwa nyingi, mapezi yanafunga na presha inapanda. Vakyumu ikipotea, mapezi yanafunguka na turbo inalala. Gari zima la mamilioni, na uhai wake mlimani unategemea mpira mnene kama kalamu wenye umri wa miaka kumi na zaidi.

Nikupe kisa kimoja. Mama mmoja anayefanya biashara ya mbao Mafinga aliletewa turbo mpya, ikafungwa kwingine, wiki mbili baadaye gari likakata nguvu palepale mlimani. Akaja kwetu Morogoro akiwa na turbo ya zamani kwenye buti, imefungwa kwenye gazeti. Nikaishika: shafti haina mchezo wa mbele na nyuma, feni safi, nzima kabisa. Tukawasha gari, tukaweka geji ya vakyumu, sawasawa. Tukaendesha, sawasawa. Ndipo kijana wangu akapata wazo la kuushika mpira kwa vidole na kuupinda polepole kutoka mwanzo hadi mwisho huku injini ikiunguruma. Ulipopita chini ya kibao cha betri alisikia pumzi. Mpira ulikuwa umesuguliwa na ukingo wa bati mpaka ukapata mpasuko wa urefu wa punje ya mchele, upande wa chini, usiouona ukisimama mbele ya gari. Injini ikiwa imetulia mpasuko unajibana. Mlimani, injini ikijipinda kwa nguvu kwenye maundi zake, zile raba zinazoishikilia, mpira unavutika na mpasuko unafumbuka. Tulikata kipande, tukaunga kwa mpira mpya, tukaufunga mbali na lile bati. Yule mama hakucheka, wala nisingemlaumu.

Kwa hiyo jaribio la kwanza ni la bure na unalifanya mwenyewe asubuhi injini ikiwa baridi. Tafuta kopo na fimbo yake, wakati mwingine utahitaji tochi na kioo cha kunyolea. Mwite mtu awashe gari huku wewe unatazama fimbo. Kwenye magari mengi ya mfumo huu, injini ikiwaka tu fimbo inavutwa kama sentimita moja, na ukizima inarudi taratibu. Unatazama mambo matatu. Je, inasogea kabisa? Isiposogea, vakyumu haifiki au kopo limetoboka ndani. Je, inasogea kwa ulaini au inakwama na kuruka? Ikiruka, mapezi yamejaa masizi. Je, inarudi mpaka mwisho? Isiporudi, ama mapezi yamekwama au solenoidi haipumui. Rudia mara tano, kisha rudia gari likiwa limetoka safari, limechemka, kwa sababu kuna mapezi yanayoteleza vizuri yakiwa baridi na kukwama yakipata joto. Ukiwa pale na moto, tumia macho usitumie vidole. Nyumba ya turbo inaunguza kuliko jiko.

Baada ya hapo, geji. Geji ya vakyumu si ghali, na gereji yoyote inayojiita ya dizeli inatakiwa iwe nayo. Iungwe kwa kiungo cha T kwenye mpira unaotoka kwenye pampu. Pwani, pampu nzima inavuta kilopaskali 85 hadi 95 injini ikiwa sailensa, yaani bila kukanyaga mafuta. Angalizo, na jambo hili huwaponza mafundi wa bara: Iringa huwezi kupata 95, kwa sababu hewa yote iliyopo ni 84. Ukisoma 72 au 75 hapo nyumbani, pampu yako ni nzima, asije mtu akakuuzia nyingine kwa kulinganisha na kitabu kilichoandikiwa usawa wa bahari. Pampu hiyohiyo inasaidia breki, kwa hiyo kama pedali ya breki imeanza kuwa ngumu siku za karibuni, niambie, ni habari kubwa kuliko unavyodhani. Halafu hamishia geji kwenye mpira wa kopo, na ukiwa na pampu ya vakyumu ya mkono, vuta kopo peke yake na uache dakika moja. Sindano isishuke.

Solenoidi ina ugonjwa wake wa kwetu. Ina tundu dogo la kupumulia lenye kichujio cha sponji, na ndipo inapotolea vakyumu iliyozidi. Miaka kumi ya vumbi na kichujio kinakuwa tofali. Solenoidi isiyopumua haiwezi kuachia mapezi kwa wakati: unakanyaga kuovateki, presha inapanda, kompyuta inaamuru ishuke, haishuki, P0234, umefungiwa. Kukitoa na kukisafisha ni kazi ya dakika kumi. Angalia pia mipira isiwe imebadilishana nafasi, kwani wa kuingia na wa kutoka hufanana, na aliyefungua mara ya mwisho huenda alikuwa na haraka.

Tukiacha vakyumu, mshukiwa wa pili ni njia ya hewa iliyosukumwa: kutoka turbo kwenda intakula (kipoza hewa), kutoka intakula kwenda menifoldi. Hapa kuna mipira mikubwa yenye klipu, na inapasuka kwa hila. Ukiigusa gari likiwa limezimwa unaona mizima. Ikijazwa presha inafunuka kama mdomo. Dalili mbili zinaisaliti. Kwanza ni mtiririko wa oili na vumbi lililoganda sehemu moja ya mpira au kwenye kiungio. Unyevu kidogo wa oili ndani ya mipira hii ni wa kawaida, lakini nje pasiwe na kitu. Pili ni moshi mweusi unapokanyaga, pamoja na sauti ya kupuliza. Sensa ya hewa iliyo karibu na kisafishio imeshahesabu hewa yote iliyoingia, kompyuta inatoa dizeli ya kutosha hewa hiyo, kumbe nusu yake imetoroka njiani. Dizeli isiyo na hewa ya kuichoma ndiyo ule moshi mweusi. Basi jiulize, au muulize aliyekuwa nyuma yako siku ile: kulikuwa na moshi mweusi *kabla* ya nguvu kukatika? Baada ya kukatika haina maana tena, kwa sababu kompyuta imeshapunguza mafuta.

Kupima mvujo huu hakuhitaji mashine ya moshi, ingawa ukiipata ni bora. Sisi tunatumia kifuniko cha bomba la plastiki chenye kipenyo sawa na mdomo wa turbo, tumekitoboa na kufunga valvu ya tairi la tubeless. Unafungua mpira unaotoka kwenye kisafisha hewa, unachomeka kifuniko mdomoni mwa turbo, unabana klipu, unalegeza kifuniko cha oili cha injini, kisha unajaza upepo wa kompresa polepole hadi psi 10, basi. Usipandishe zaidi na usisimame mbele ya kifuniko, nimeona kimoja kikitoboa karatasi ya dari ya gereji. Paka maji ya sabuni kwenye kila kiungio, kwenye pembe za intakula, na chini ya mipira. Povu litasema. Usisahau pembe za intakula ambako bati linakutana na plastiki. Kwenye magari yanayopita changarawe mara kwa mara, pale ndipo panapoanza kulia.

Sensa ya presha nayo inapimwa bila kufungua hata nati moja, na hii naipenda. Kuna vidude vidogo vya OBD, soketi ya kusomea kompyuta ya gari, vya bluututhi vinavyosoma kwenye simu. Washa swichi bila kuwasha injini, tafuta presha ya menifoldi. Injini haijavuta wala turbo haijasukuma, kwa hiyo lazima isome hewa ya mahali ulipo: Dar kama 101, Morogoro kama 95, kwako Iringa kama 84. Ikikuambia 97 ukiwa umeegesha Gangilonga, sensa inadanganya, na kompyuta itaamini presha imezidi wakati haijazidi. Mara nyingi imevikwa masizi na oili. Inasafishwa kwa dawa ya kusafishia sensa, si kwa petroli na mswaki kama nilivyoshuhudia.

Kidude hichohicho ndicho nitakachotaka ukipande nacho Kitonga. Usikisome wewe huku unaendesha pale kwenye kona na malori. Akae mtu pembeni, aweke programu irekodi. Gia ya tatu, mizunguko kama 1,800, barabara ikiwa wazi, kanyaga mpaka chini. Injini kama yako ikiwa nzima, presha ya menifoldi inapanda upesi na kutulia mahali fulani kati ya kilopaskali 200 na 250. Vidude vingi haviwezi kuandika zaidi ya 255 kwa sababu kipimo hicho kwenye OBD ya kawaida kinaishia hapo, kwa hiyo namba ikigota 255 ujue huenda halisi ni kubwa zaidi. Ukiona inapanda kwa uvivu na kuishia 150 au 160, rudi kwenye vakyumu na mipira. Ukiona inaruka juu kama swala, inakaa sekunde mbili, kisha nguvu inakatika, ni mapezi au solenoidi. Na ukiona presha ya hewa ni nzuri wakati wote lakini gari linafifia, achana na turbo, nenda kwenye dizeli.

Kwenye dizeli nitapita haraka kwa kuwa huenda isiwe kwako, lakini isiachwe. Filta iliyoziba inapitisha mafuta ya kutosha mjini na kushindwa mlimani. Valvu ndogo ya kuratibu mafuta kwenye pampu ya presha kubwa inakwamakwama ikizeeka au ikila maji. Dalili yake ni nguvu kufifia bila moshi mweusi, wakati mwingine injini kuzima kabisa, na kwenye mashine unaona presha ya reli iliyotakiwa na iliyopo zinaachana. Filta ilibadilishwa lini? Kama hukumbuki, badilisha kesho, halafu mimina ya zamani kwenye chupa safi uone kama kuna maji chini.

Tuseme yote hayo ni safi, na fimbo inaruka badala ya kuteleza. Hapo ni mapezi, na bado si turbo mpya. Masizi yanajaa kwa gari linaloachwa likiunguruma muda mrefu au safari fupifupi za mjini, na zaidi kama EGR, valvu ya kurudisha moshi kwenye injini, inavuja. Turbo inatolewa, nyumba ya upande wa moshi inafunguliwa, pete na mapezi vinasafishwa mpaka vinateleza kwa kidole. Kabla ya kufungua, weka alama nyumba zilivyokaa, ili zirudi palepale. Kuna skrubu ndogo ya kuzuia mkono wa mapezi, mara nyingi imepakwa rangi kiwandani. Isiguswe. Mafundi wengi huizungusha "kuongeza nguvu", na kuanzia siku hiyo hakuna kipimo kitakacholingana na kompyuta tena. Kuhusu dawa za kunyunyizia bila kufungua, nimezijaribu. Zinasaidia wiki chache kwenye mapezi yaliyoanza tu kukaza. Yaliyoganda hayazijali.

Na lini nitakubali turbo yako imekwisha? Toa mpira wa upande wa kisafisha hewa, injini ikiwa imezimwa na imepoa, shika ncha ya shafti kwa vidole viwili. Itacheza kidogo kulia na kushoto, hiyo ni nafasi ya oili na ni ya kawaida. Isukume na kuivuta kwa urefu wake: hapo usihisi kitu. Ukihisi inagonga, au feni ina makovu na ukuta una mikwaruzo inayong'aa, sawa, imekwisha. Lakini hata hapo usifunge nyingine kabla hujajua iliyopita iliuawa na nini. Kwenye injini za 1KD, kwa mfano, washa (pete) za shaba chini ya nozeli zikivuja, masizi yanashuka kwenye oili na kuziba chujio la sampu, bakuli la oili chini ya injini. Oili inachelewa kufika juu, na turbo mpya inakufa kama ya kwanza ndani ya muda mfupi, na injini nyuma yake. Bomba la kupeleka oili kwenye turbo lizibuliwe au libadilishwe, oili na filta viwe vipya. Turbo ya mtumba ndiyo siiamini kabisa kwa tatizo kama lako: unanunua mapezi ya mtu mwingine yenye masizi ya mtu mwingine.

Mpaka tutakapojua, gari unaweza kuliendesha, ila usilizimezime mlimani ili upate nguvu ya kuovateki. Kuzima injini mara tu baada ya kupanda kunaiacha turbo ikiwa moto mwekundu bila oili inayopita. Likikata nguvu, shusha gia, kaa kushoto, ufike sehemu pana, liache liungurume dakika mbili ndipo uzime.

Ukiniandikia tena, niletee vitu vinne: kodi ilivyoandikwa, namba ya presha ya menifoldi swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa hapo Iringa, fimbo ilivyosogea ikiwa baridi na ikiwa moto, na kama breki imebadilika. Picha ya kopo na mpira wake pia, iliyopigwa kwa chini.